Ukoko wa Mzee Ogola

Kwa miaka thelathini na mitano Nicholas Ogola alipika katika mji wa Eldoret na mashamba yaliyouzunguka, na katika muda huo wote alijivunia jambo moja kuliko mengine: kwamba mezani hakujapata kufika chakula kilichoungua kutoka jikoni mwake. Fahari hiyo ilizaliwa katika aibu, kama zilivyo fahari nyingi za wanadamu.

Alitoka Uyoma, kando ya ziwa, mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, akaajiriwa katika nyumba ya Mzungu mmoja mkulima wa ngano upande wa Moiben. Siku ya tatu ya kazi aliunguza uji wa shayiri. Mke wa mkulima hakupaza sauti. Aliichukua sufuria jinsi ilivyokuwa, nyeusi na yenye moshi, akaiweka katikati ya meza ya chakula juu ya kitambaa cheupe, kisha akawaita watumishi wote, hata wachunga ng'ombe, wapite mmoja mmoja waitazame. Ogola alisimama pembeni ya meza, mikono nyuma, mpaka wa mwisho alipopita. "Yule mama hakunipiga," aliniambia miaka mingi baadaye. "Angenipiga ningesahau."

Wazungu wa ngano walipoondoka, Ogola alipikia wanafunzi wa bweni kwa muda. Mwaka 1978, majuma machache baada ya taifa kumzika Rais wake wa kwanza, aliingia katika nyumba ya mapadre iliyokuwa karibu na mtaa wa West Indies. Hapo alimkuta Padre José Miralles, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa, ambaye Wakristo walimwita Padre Yosefu. Mimi nilifundisha Kilatini katika seminari, na kwa kuwa Padre alipenda kuzungumza lugha hiyo wakati wa kula, nilialikwa mezani pake Ijumaa nyingi. Hivyo mengi ya haya niliyaona, na mengine nilisimuliwa na Ogola mwenyewe.

Padre Yosefu alizaliwa katika kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya mashariki ya Hispania. Pwani hiyo ina vinamasi vinavyolimwa mpunga hadi karibu na bahari, na kwa sababu hiyo watu wake hula wali na samaki kama vile watu wa Uyoma wanavyokula ugali na samaki. Samaki wazuri waliuzwa. Vichwa, mifupa na wale waliopondeka ndio waliorudi nyumbani. Kutokana na hao akina mama walitengeneza mchuzi mzito wa nyanya, kitunguu saumu na pilipili hoho zilizokaushwa, wakauchuja, wakaupikia wali katika sinia pana la chuma. Samaki mwenyewe aliletwa pembeni, katika sahani yake, pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa kinuni na kutiwa mafuta ya zeituni tone kwa tone mpaka kikawa laini kama siagi. Chungu kimoja kilizaa vyakula viwili, na maskini akaketi kama tajiri.

Padre alikijua chakula hicho kwa ulimi, si kwa mkono. Aliandika kwao, dada yake akamjibu kwa barua ya kurasa nne, na Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima ya 1979 Padre alisimama katika mlango wa jikoni akiitafsiri sentensi moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili alichokuwa bado anakisoma kitabuni.

"Mchele ukisha kuingia," alisoma, "usikorogwe kamwe."

"Padre, wali usipogeuzwa utashika chini."

Padre aliipekua barua mbele na nyuma. Haikuwa na neno zaidi juu ya jambo hilo. "Usikorogwe," alirudia.

Ijumaa tatu mfululizo mchele ulitoka mgumu kama changarawe, maana Eldoret iko juu sana na maji yetu huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Ogola aliongeza mchuzi na muda. Fundi wa mabati alimfulia sinia kutokana na kifuniko cha pipa, akalitia mikono miwili. Zafarani ilitoka kwa dada yake Padre, kibweta kimoja kwa mwaka, na mafuta ya zeituni yalinunuliwa kwa mwuza dawa katika vichupa vidogo vya kupaka watoto. Ijumaa ya nne Padre alionja, akaweka kijiko chini, akatazama dirishani kwa muda mrefu. Tangu hapo Ijumaa ikawa siku ya wali huo.

Lakini Ogola hakuisahau sufuria ya Moiben. Alitii amri ya kutokoroga, ila alitafuta njia yake mwenyewe ya kumzuia adui. Rangi ya makaa ilipobadilika kutoka nyekundu kuwa kijivu aliondoa kuni zote chini, akafunika sinia kwa bati na kuweka makaa juu ya bati, ili wali umalizikie kwa joto la juu. Ukitoka, chini ulikuwa safi. Aliupakua katika sahani kubwa ya maua, akaupeleka mezani. Ikiwa utando mdogo ulishika mahali fulani, aliukwangua upesi na kuwatupia kuku kabla mtu hajauona.

Padre alikula kwa shukrani. Hata hivyo, kila alipomaliza, aliinua macho akatazama mlango wa jikoni, kama mtu anayengoja kitu. Ogola alidhani hajashiba, akaleta sahani ya pili. Padre aliikataa kwa upole. Mambo yakaenda hivyo kwa karibu miaka kumi.

Sokoni kulikuwa na mama mmoja wa samaki, Aloo, ambaye hakumpa Ogola nafasi ya kupumua. Siku hizo viwanda vya Kisumu vilikuwa vikikata minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na kuipeleka ng'ambo, na mifupa iliyobaki, yenye kichwa na mkia, ililetwa kwetu kwa jina la mgongo wazi. Ilikuwa kitoweo cha wasio na kitu. Kwa mchuzi wa Padre hakukuwa na kitu bora zaidi.

"Mzee Ogola, tena mgongo wazi?" Aloo alimwita ili wote wasikie. "Huyo padre wako ana paka wangapi?"

"Ni mmoja. Anasoma misa."

"Na ngege huyu mzuri nimuachie nani?"

"Mpe bwana yako, amekonda."

Wanawake wa meza za jirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Ogola alipenda soko hilo, na nadhani soko lilimpenda.

Ilikuwa sokoni hapo, mwishoni mwa 1987, ambapo jambo alilolificha lilimponyoka kwa mara ya kwanza. Vijana wa chama tawala walikuwa wamesimama langoni wakidai kadi za uanachama. Ogola alitia mkono mfukoni, akatoa kadi, akaikabidhi kwa heshima. Kijana mmoja aliisoma, akaisoma tena.

"Mzee, hii ni kadi ya chama cha mazishi cha watu wa Uyoma. Unataka kutuzika?"

"Mkiendelea kusimama kwa jua hivi, mtanihitaji," Ogola alijibu. Vijana wakacheka, wakampisha. Lakini yeye alitembea mpaka nyuma ya kibanda cha viatu, akasimama hapo akiwa na kadi mbili mkononi, asiweze kujua ipi ni ipi.

Ukungu ulikuwa umeanza katika jicho la kulia, ukahamia la kushoto. Wazee huuita mtoto wa jicho. Hakumwambia mtu ila mkewe Awuor, ambaye kila Alhamisi jioni alichambua mchele na maharagwe nyumbani kwao Kiplombe, ili mumewe aende navyo kazini vikiwa safi. Jikoni alihesabu hatua. Chupa ya siki aliifunga uzi, ya mafuta akaiacha bila uzi. Wanafalsafa wa kale walipozipanga hisi za mwanadamu walilitukuza jicho kuliko sikio na pua, na wengi wetu twaishi kwa mpango huo bila kuuhoji. Ogola naye aliamini kwamba mpishi asiyeona si mpishi tena.

Mwangalizi wa nyumba ya mapadre alikuwa Sista Waithira, mzaliwa wa Kiambu, mwanamke wa haki asiyependa kurudia neno. Mwezi wa kwanza wa 1988 alionja supu yenye sukari. Mwezi wa pili alivunja jino kwa jiwe lililokuwa katika dengu ambazo Awuor hakuzipitia. Alimwita Ogola uani.

"Mzee, mimi sikuchukii. Lakini nimepata mama mmoja wa Kapsoya, anaitwa Chepkorir, amesomea upishi. Nikikuta chakula kimeharibika tena, Pasaka utakula nyumbani kwako Uyoma, na jikoni hutarudi."

"Nimesikia, Sista."

"Umesikia na utafanya nini?"

"Sitaharibu."

Uyoma palikuwa na nyumba yake na kaburi la babake, na mtu anayerudi kwa hiari hupokewa kwa ngoma. Lakini yeye alijua ataulizwa, "Mbona umerudi?" na kwamba jibu lingekuwa sufuria ileile ya Moiben. Alikuwa ametumikia miaka thelathini na mitano ili asiione tena.

Mwaka huo, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wa Padre, ulikuwa Ijumaa, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Magari ya kampeni yalipita barabarani yakipiga vipaza sauti. Ogola aliamka alfajiri, akachemsha mgongo wazi, akauchuja mara mbili, akaweka sinia juu ya mafiga ya uani. Adhuhuri ilikuwa na jua kali. Mwanga ule ulimeza miali ya moto, naye alipoinama kutazama makaa aliona kijivu kila mahali. Aliondoa kuni alizozigusa. Gogo moja la muwati lilibaki chini katikati, likiwaka kimya.

Punde wali ulianza kutoa sauti, kitu kama chumvi iliyotupwa motoni. Kisha harufu ikampata. Aliliondoa sinia kwa mikono mitupu. Wali wa juu ulikuwa mzima, wa dhahabu, kila punje peke yake. Aliupakua upesi katika sahani ya maua, akaupeleka mezani kwa mwendo wa kawaida. Sinia alilificha nyuma ya tangi la maji.

Tulikuwa tumeanza kula wakati Sista Waithira alipoingia. Alikuwa amefuata harufu. Alilibeba sinia kwa mikono yote miwili, akaliweka katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe.

"Padre, nisamehe kwa kuleta hiki hapa siku ya leo. Lakini kila nikisema, unaniambia Mzee amechoka tu. Tazama mwenyewe."

Ogola alisimama mlangoni, mikono nyuma. Aliniambia baadaye kwamba hakuona nyuso zetu, aliona weupe wa kitambaa tu na duara jeusi katikati yake, na kwamba alingoja kusikia nyayo za wachunga ng'ombe.

Padre Yosefu alisimama. Aliinama juu ya sinia mpaka pua yake ikakaribia kuligusa. Chini palikuwa na ukoko uliotanda toka ukingo hadi ukingo, si mweusi, bali wa rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, uking'aa kwa mafuta ya samaki. Alichukua kijiko chake, akaukwangua. Ulivunjika kwa mlio. Akatia kinywani, akafumba macho, na sisi sote tukasikia akitafuna.

"Ogola," alisema hatimaye, "miaka kumi. Nilikukosea nini?"

"Mimi? Hujanikosea, Padre."

"Basi mbona hukuniita?"

"Nikuite wapi?"

"Kwenye sinia!" Alikuwa karibu kulia, karibu kucheka. "Kwetu, chini ya sinia ni mali ya mpishi. Ndiyo sehemu bora, na mtu haiombi. Kuomba ni utovu wa adabu. Mpishi akikupenda, anagonga sinia kwa kijiko, anakuita. Mama yangu alituita hivyo. Kila Ijumaa nimeutazama mlango ule. Nikajiambia, ana watoto, anawapelekea, ni haki yake."

"Watoto!" Ogola alisahau kuogopa. "Padre, mimi nimekimbizana na hiyo kitu kama mwizi! Kwetu mgeni hapewi ukoko. Hata mbwa wa jirani ukimpa ukoko, mwenyewe anakuja kuuliza mbona unamdharau."

"Na kwetu," alisema Sista Waithira, ambaye hakuwa amekusudia kusema, "ukoko ni wa yule atakayeosha sufuria." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alichukua kijiko akaonja. Alionja tena.

Hivyo ndivyo adabu mbili zilivyokaa pande mbili za mlango mmoja kwa miaka kumi, kila moja ikimheshimu mwenzake, na kuku wakanenepa.

Padre aliliinua sinia kidogo kama kuhani ainuavyo sadaka. "Leo umepika kama mama yangu," alisema. "Sista, umesikia? Huyu anachoka? Huyu ndiye mpishi!"

Mambo yangeweza kukomea hapo. Ogola alikuwa ameokoka. Alihitaji tu kuinamisha kichwa na kunyamaza, na hakuna hakimu duniani ambaye angemshika kwa uongo, maana hakuwa amesema neno. Lakini Ogola alisema:

"Padre, usinisifu. Sikukusudia. Moto sikuuona."

"Hukuuona vipi?"

"Macho yangu yamekwisha. Mwaka sasa. Ile sukari, Sista, nilishika mkebe nikadhani chumvi. Mchele ni mama watoto ananichambulia. Hata wewe hapo ulipo, nakujua kwa sauti."

Gari la kampeni lilipita mbali. Sista Waithira aliweka kijiko chini.

"Kwa nini hukusema, Mzee?"

"Ungenirudisha nyumbani."

"Kweli," alisema Sista. "Ningekurudisha."

Padre alikuwa bado ameshika sinia. Alimuuliza Ogola, polepole, kama mtu anayeuliza njia: "Kabla ya harufu, ulisikia kitu?"

"Nilisikia. Kulia kama chumvi motoni."

"Jikoni mwa mama yangu hapakuwa na dirisha," alisema Padre. "Palikuwa na moshi mtupu, hakuna aliyeona kitu. Mwishoni alituamuru sote tunyamaze. Maji yakiwapo, wali huchemka. Yakipungua, hunong'ona. Yakiisha, hulia hivyo ulivyosikia. Hapo alisali Salamu Maria tatu, akaondoa. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Katika barua dada yangu hakuiandika, kwa sababu kwetu hakuna asiyeijua."

"Mimi nilidhani ni adui anakuja," Ogola alisema.

Sista Waithira aliinuka, akakunja mikono ya vazi lake. "Jumatatu kura, hakuna atakayefanya kazi. Jumanne tunakwenda kwa daktari wa macho, mimi na wewe. Chepkorir anaingia jikoni baada ya Pasaka, hilo sitalibadili, maana sitaki kuvunja jino la pili." Alimgeukia Ogola. "Lakini Ijumaa ni yako, Mzee. Mpaka useme wewe mwenyewe basi."

Daktari aliahidi kulipasua jicho moja na hakutoa ahadi kwa la pili. Lakini jambo ninalotaka kulimalizia ni la Ijumaa iliyofuata.

Chepkorir, mama mnene wa watoto watatu, alikuja siku hiyo kulitazama jiko atakalolirithi. Ogola alimpa kazi zote za macho: kuchambua mchele, kuchuja mifupa, kuangalia kuni. Yeye alivuta kigoda akaketi karibu na mafiga, sikio kando ya sinia. Alipoinua mkono, sote tuliokuwa uani tulinyamaza. Sista Waithira alianza kusema jambo juu ya sabuni.

"Sista," alisema Ogola, "wali unaongea."

Sista akafunga mdomo. Tulisikia mchemko, kisha mnong'ono, kisha ule mlio mwembamba unaokatikakatika. Midomo ya Ogola ilianza kutembea. Nilisali pamoja naye moyoni, nikakumbuka kwamba Bwana wetu mwenyewe, alipowapikia rafiki zake samaki juu ya makaa kule ufuoni, hakungoja wamwombe. Aliyepika ndiye aliyeita.

Kwenye "amina" ya tatu Ogola aliondoa sinia, akaliweka juu ya jiwe. Hakuleta sahani ya maua. Alitafuta kijiko kwa vidole, akagonga ukingo wa chuma mara tatu.

"Padre!" aliita kuelekea veranda, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia katika nyumba ile. "Kuja basi, kabla hawa hawajamaliza!"

Padre Yosefu alikuwa amekwisha kusimama.